Kengele Tatu, Saa Mbili Kamili

Fundi wa kompyuta wa shule alikuwa dada mwembamba wa kupita katikati ya waya na ukuta, na kwa kuwa hachoki, watu walimwita Betri. Ndiye aliyeandika skripti ya kengele: amri chache mfululizo, kompyuta inazisoma, kengele inalia yenyewe. Ile ya ofisini ililia mwaka mzima kwa usahihi hata watu wa mtaa wa tatu wakaacha kununua saa.

Siku ya mtihani wa mwisho ilitakiwa ilie pia maktaba na karakana. Betri akainakili skripti huko, na saa kumi na mbili asubuhi wakajaribu. Ofisini, radi. Maktaba, kimya. Karakana, kimya cha bubu aliyenuna.

"Mbona kwangu inafanya kazi, Mwalimu?"

Mwalimu mkuu akamtazama juu ya miwani. "Basi, mwanangu, tuwahamishie watoto wote mia tatu hapo mezani kwako, wafanyie mtihani."

Betri hakucheka. Chumba kimoja kikianza kabla ya kingine, mtihani wote ungefutwa, na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alipangiwa kufanyia maktaba.

Akakimbilia maktaba, kisha karakana, akasoma malalamiko kwenye kioo cha kila kompyuta. Kompyuta ya maktaba haikumjua mkalimani, yaani programu ya kuzisoma amri, aliyetajwa mstari wa kwanza wa skripti. Ya karakana iligomea namna ya kuhesabu dakika za mbele. Zilikuwa za ukoo mwingine kabisa, naye alikuwa amezisemesha misimu ya nyumbani kwake! Moyo ukamruka kwa furaha: kumbe ni hilo tu.

Akafuta madoido yote. Akabakiza maneno ya kale ambayo kila kompyuta imenyonya utotoni: niambie saa, niambie dakika, hesabu niachie mimi. Vidole vilikwenda mbio mpaka herufi zikahama vitufe. Akajaribu maktaba, akajaribu karakana, akarudi ofisini. Mlinzi anashikilia kwamba alimwona akijipisha mwenyewe mlangoni.

Saa mbili kamili, kengele zote tatu zikalia kwa pigo moja lililoinua vumbi uwanjani. Madirishani, vichwa mia tatu vikainama pamoja.

"Na ya kumalizia?" akauliza mwalimu mkuu, akitabasamu.

"Skripti ni hiyo hiyo, Mwalimu."

Kisha Betri akaruka juu kwa shangwe, na wapo wanaoapa kwamba alikawia kushuka.