Dada wa Simu Ashika Usukani

Ukipiga simu hospitali yetu siku yoyote ya kazi, sauti utakayoisikia kwanza ni ya Dada wa Simu. Jina lake kamili limo kwenye jalada lake, nami nalijua kwa kuwa kutunza majalada ndiyo kazi yangu, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Chumba chake kiko chini ya ngazi na hakina dirisha. Wakati fulani taa yake iliungua ikakaa miezi bila mtu kugundua, maana yeye haihitaji. Surua ilimpofusha akiwa na miaka sita.

Namba za ndani ni mia tatu na ushei, na zote anazo kichwani. Humjua anayepiga kabla hajatamka neno, kwa jinsi anavyovuta pumzi. Mganga mkuu aliwahi kumjaribu: alibana pua, akajifanya mgonjwa aliyekasirishwa na huduma mbovu. Dada wa Simu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba malalamiko yake yatafikishwa kwa mganga mkuu, ila avute subira kidogo, kwa sababu sasa hivi mganga mkuu yuko kwenye simu amebana pua.

Kwa miaka kumi na minane alikwenda kazini kwa miguu, fimbo nyeupe mkononi. Aliijua njia kwa hatua. Mia mbili na kumi mpaka kwa kinyozi, tisini mpaka penye mfuniko wa chuma unaocheza ukiukanyaga, na kuendelea hivyo mpaka lango la hospitali. Kisha wakaja watu wa barabara. Waling'oa ukingo, wakachimba mtaro wa mabomba, na kila siku udongo waliurundika mahali papya. Njia aliyoijenga kichwani kwa miaka yote ile ilivurugika ndani ya wiki mbili. Jumanne moja asubuhi alitumbukia mtaroni akavunjika mkono. Wiki sita zilizofuata aliunganisha simu kwa mkono mmoja, na sisi tuliopiga kutoka ghorofani hatukusikia tofauti.

Aliyemtoa mtaroni ni mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti. Wanaishi nyumba moja: yeye, mdogo wake, wifi yake, na watoto wawili wanaomwita shangazi na kumfanya ajue habari zote za shule, hata zile ambazo wazazi hawatakiwi kuzijua. Fundi si mtu wa maneno mengi. Alinunua baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunga moja nyuma ya nyingine, na chini akapitisha bomba nene la geti ili zihimili uzito. Zikapatikana pedeli za watu wawili, minyororo miwili, viti viwili. Usukani wa nyuma aliuchomelea kabisa usigeuke, uwe wa kushikilia tu. Alipomaliza aliipaka rangi iliyobaki kwenye kazi ya mteja.

Dada yake akauliza ni rangi gani. Akaambiwa ni bluu. Akasema bluu anaikumbuka, ilikuwa ya lile beseni walilokuwa wakiogeshewa.

Siku ya kwanza kutoka nayo wifi yake alisimama mlangoni ameshika kichwa, maana chombo chenyewe kilikuwa kirefu kama ngazi na waendeshaji wote wawili walikuwa waoga. Lakini baada ya wiki walikuwa wamejitungia lugha yao. Fundi akisema "kulia," wote huegemea kulia. Akisema "tuta," dada huinuka kidogo kwenye kiti. Akisema "tunasimama," miguu minne hukoma pamoja. Mwendo wa dakika hamsini ukawa wa robo saa.

Mimi pia naenda kazini kwa baiskeli, na tulianza kukutana kwenye ile barabara ndefu inayopita kando ya maghala. Asubuhi ya kwanza niliwafikia kwa nyuma, na kabla sijafungua mdomo Dada wa Simu akasema, "Masjala, mnyororo wako unataka mafuta." Masjala ndilo jina langu pale kazini. Tukaenda sambamba tukizungumza. Ghafla akainua kidevu akasema hapa ukuta umekatika, pana uwazi wa kama upana wa mlango. Niligeuza kichwa. Kweli, kati ya ghala na ghala palikuwa na kichochoro chembamba, na ndani yake kamba iliyoanikwa mashuka meupe. Kwa miaka tisa nimepita pale kwenda na kurudi, na ningeweza kula kiapo kwamba ukuta ule ni mmoja.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema sauti ya matairi huenda ukutani ikarudi. Ikifika penye uwazi hairudi. Alisema hivyo kama mtu anayekueleza kwamba maji yanalowesha. Tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza njia nzima. Alijua mti ulipo na gari lililoegeshwa lilipo, na alijua pia kama gari hilo limefunguliwa mlango. Mara mbili alimwonya mdogo wake kabla mdogo wake hajaona.

Ni mimi niliyewapeleka kwenye kundi letu la Jumapili. Tulikuwa waendeshaji kumi na mmoja, watu wa kazi mbalimbali, na kiongozi wetu ni mama mmoja mfamasia tunayemwita Kapteni, mwenye miaka hamsini na kitu na mapafu ya farasi. Wengine walidhani watalazimika kuwasubiri wageni. Kwenye kilima cha kwanza ile ngazi ya bluu ilitupita wote isipokuwa Kapteni. Miguu ya mtu aliyetembea kwa miaka kumi na minane haina mchezo.

Mwezi wa pili tulipanda mpaka kwenye matangi ya maji, na tuliporudi palikuwa na mteremko mrefu ulionyooka, lami safi, bila gari. Dada wa Simu alimwomba mdogo wake asishike breki. Fundi alisita, kisha akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano huku ameachia. Walitupita kama jiwe lililorushwa. Tulipowafikia bondeni, dada alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, machozi yanamtiririka, nasi tukadhani ameumia. Alitikisa kichwa. Alisema maisha yake yote kila alipokwenda mbio alikuwa ndani ya kitu, ndani ya basi, ndani ya gari la wagonjwa. Hii ni mara ya kwanza amekwenda mbio akiwa nje.

Hapo hapo, bado anajifuta uso, akasema anataka kuendesha mwenyewe. Kukaa mbele. Peke yake.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa anakagua gurudumu na hakuinua kichwa.

"Dada, mimi ndiye niliyekutoa mtaroni," alisema.

"Na ulinitoa ili nikakae wapi?"

Wiki tatu walikwenda kazini pamoja kila siku bila mazungumzo, isipokuwa yale ya lazima: kulia, kushoto, tuta, tunasimama. Wifi yake aliniambia baadaye kwamba nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo, mpaka watoto wakawa wanapeleka ujumbe kati ya watu wazima waliokaa meza moja.

Kapteni ndiye aliyekwenda kuwasuluhisha. Alimwambia fundi kwamba nje ya mji kuna uwanja mdogo wa ndege uliofungwa siku nyingi, lami yake ingali nzima, hauna gari, hauna mtu, hauna mtaro, na mlinzi wake anawaruhusu wanaojifunza kuendesha magari. Kama watu wanajifunza gari pale, baiskeli ina ubaya gani? Fundi alikubali akiwa ameangalia pembeni. Kesho yake nilimkuta karakanani anashusha kiti cha baiskeli ndogo na kupima breki zake, mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Jumapili ya kwanza Dada wa Simu alijifunza kusukuma kwa miguu bila kukanyaga pedeli. Ya pili alianguka mara saba, akachubuka viwiko na goti, na kila akianguka fundi alikuwa amekwisha kufika. Ya tatu mwili ulishika mizani. Tatizo likawa ni kunyooka. Kapteni alisimama mbali akipiga kengele ili Dada wa Simu aifuate, lakini uwanja ule uko wazi na upepo ulikuwa ukiichukua sauti kuipeleka unakotaka. Kila mara alikwenda upande, akaishia majanini. Uso wake ulianza kuwa wa mtu anayejiandaa kushukuru na kusema basi, inatosha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepindua baiskeli yangu, magurudumu juu, narudisha mnyororo uliochomoka. Nikazungusha gurudumu la nyuma kuujaribu, nikaliacha lizunguke. Mnajua lile gurudumu la nyuma linapozunguka lenyewe hutoa mlio wa kukatika-katika, tik-tik-tik-tik. Dada wa Simu aligeuka. Alitembea moja kwa moja mpaka nilipo, bila fimbo, akasimama hatua moja kutoka kwangu, akanyoosha mkono akagusa tairi.

"Huu nauona," alisema. "Upepo hauwezi kuusogeza. Mnazo nyingi. Zipangeni."

Tulizipanga. Tano upande huu, tano upande ule, zote magurudumu juu, kila moja na mwenyewe amepiga magoti kando yake, na kati ya safu na safu njia ya upana wa hatua nane. Ya kumi na moja tuliilaza pembeni, na Dada wa Simu akashika ile ndogo aliyojifunzia. Kutoka jozi hadi jozi ilikuwa hatua hamsini, kwa hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho ilikuwa kama hatua mia mbili. Kapteni akainua mkono, tukaanza kuzungusha.

Sikuwahi kuusikiliza mlio ule kabla ya hapo, ingawa nimekuwa nao chini yangu maisha yangu yote. Baiskeli ya daktari wa meno, ya bei mbaya, ilivuma kama nyuki. Ya Kapteni ilikuwa kama mvua ya rasharasha kwenye bati. Yangu ilikwaruza. Zote kumi ziliimba pamoja katikati ya uwanja mtupu, na fundi akasimama nyuma ya kiti cha dada yake, ameweka mkono bila kukishika.

Dada wa Simu akakanyaga.

Aliyumba kwenye jozi ya kwanza, akanyooka. Kwenye ya pili aliongeza mwendo. Akaanza kututaja mmoja mmoja kadiri alivyopita, kwa sauti ileile ya kuunganisha simu: "Daktari wa meno. Mwalimu. Kapteni. Masjala." Hakukosea hata mmoja. Aliponipita nilihisi upepo wake usoni, nikaona amefumba macho, na sijui kwa nini hilo lilinishangaza kuliko yote.

Akamaliza njia tuliyomtengenezea, na hakusimama.

Mbele palibaki lami tupu, zaidi ya mita mia sita. Fundi alianza kukimbia. Kapteni naye alinyanyuka, kisha akamzuia fundi kwa mkono, akasema, "Mwache." Tukabaki tumepiga magoti, mikono yenyewe tu ikizungusha magurudumu, macho yote kwake. Alizidi kuwa mdogo. Karibu na mwisho, pale majani yanapoanza, tulimwona akipunguza mwendo, kisha taratibu kabisa, kama mtu anayegeuka ndani ya chumba chake, akazunguka duara pana. Kwa kitambo akawa ametuelekea, hasogei, mguu mmoja chini. Alikuwa anasikiliza.

Hakuna aliyeacha kuzungusha. Bega langu lilikuwa linawaka moto.

Akarudi. Alirudi kwa mwendo wa mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini, amenyooka, akaingia katikati ya safu zetu, akatutaja tena, safari hii kuanzia mwisho, na akashika breki mwenyewe mbele ya mdogo wake. Fundi alikuwa ameketi kwenye lami. Dada yake alimtafuta kwa mkono mpaka akalipata bega lake.

"Kumbe dunia ni pana hivi," alisema. "Sikujua. Nilidhani ni pana kama njia."

Fundi aliushika ule mkono, akauliza kwa sauti ya chini kule mwisho alijuaje pa kugeukia. Akasema majani yana sauti yake, na kama angeyakosa angeanguka, na kuanguka amekwisha kujua kunavyokuwa.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Mjini hashiki usukani, wala hajawahi kuomba. Barabara zetu hata sisi wenye macho zinatushinda. Anakwenda kazini kwenye kiti cha nyuma cha ile ngazi ya bluu, na mdogo wake siku hizi humsimulia anachokiona, naye humsimulia anachokisikia, mpaka wanafika langoni hawajamaliza. Lakini Jumapili ya mwisho wa mwezi uwanja wa ndege ni wake. Njia ya milio tumeirefusha, maana kundi limefika watu ishirini na sita, na mmoja wao ni jaji mstaafu ambaye macho yalimwishia uzeeni na aliyekuja mara ya kwanza akisema amekuja kukaa tu kwenye jua.

Mwezi uliopita, wenzangu walipokuwa wanapumzika, nilifumba macho nikajaribu kuendesha kwa siri. Nilikwenda kama mita ishirini, nimebana pumzi, nikatia mguu chini. Nilipofumbua, Dada wa Simu alikuwa amegeuza uso upande wangu, anatabasamu.

"Masjala," akasema, "rudia. Pumua kwanza."