Nilivyomwonea wivu mbwa aliyeshonwa tumbo, mpaka akavalishwa kawa la harusi yangu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mpo, maana mimi tisini imenipita. Waliobaki nawatangulizia marahaba kabla hamjanisalimu.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nitakayosema ni kweli tupu. Uongo unataka kumbukumbu nzuri, na mimi hata miwani naitafuta ikiwa usoni.

Kilichonitoa shimoni ni uzi wa yule kijana ambaye mbwa wake kafanyiwa operesheni. Anamlea sebuleni, na mkewe kanuna, hasemi naye. Mmemjaza comment za "mke gani huyo anamwonea wivu mbwa?"

Mimi hapa. Nimewahi kumwonea wivu mbwa, tena wivu wa kukosa usingizi. Kaeni.

Tuko Msuka, kaskazini ya Pemba, miaka ya arobaini mwishoni. Vita vya Wazungu vimekwisha, nguo bado adimu, na mimi ni bibi harusi wa mwaka ule ule. Bwana wangu Hamadi, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa muhogo na msasi.

Kwa msioijua Pemba: msasi wetu hakuwa anatafuta kitoweo. Nguruwe mwitu sisi hatumli, lakini yeye muhogo wetu anaula, na akiingia shamba usiku mmoja mnalala njaa msimu mzima. Kwa hiyo wanaume walitoka na mikuki na mbwa. Msasi asiye na mbwa ni mtu anayetembeza mkuki tu.

Hamadi alikuwa na mbwa jike, jina lake Sihaba. Mwembamba, sikio moja limechanika.

Sasa mnajua kwetu mbwa ni najisi. Mate yake yakikugusa unaosha mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Kwa hiyo mbwa anakaa nje, ana banda lake la makuti, na kila mtu na mpaka wake.

Mama yangu mpaka huo haukumtosha. Alipokuja kunitazama mara ya kwanza baada ya harusi, alimwona Sihaba kajilaza uani, akasimama mlangoni akasema mbele ya watu:

"Mwanangu ataswali wapi na mbwa yuno?"

Hamadi damu ikamchemka. Akapiga kizingiti kwa mguu. "Mbwa yuno akivuka kizingiti cha mlango huu, mke wangu kaachika!"

Watu wote wakasema astaghfirullah. Talaka hutundikwa hivyo hivyo, wakuu. Neno linatoka kwa hasira, na siku sharti likitimia, ndoa imekwenda, hata kama mnapendana.

Mimi kwa ujinga wangu nilifurahi. Nikajiona nimependwa mpaka nimeapiwa. Sikufikiri kwamba mbwa anaweza kubaki nje, na mume akamfuata huko huko nje.

Basi siku moja nguruwe dume akamchana Sihaba tumbo. Hamadi alirudi kambeba ndani ya shuka, utumbo unaonekana.

Bahati, daktari wa ng'ombe wa serikali alikuwa mjini Konde siku hiyo. Hamadi na jirani yetu Faki wakamtia mbwa kwenye tenga, wakapitisha mti, wakamchukua begani kama mgonjwa wa maana. Njia nzima watu wanawacheka. "Mnakwenda kumzika au kumwoza?"

Daktari akamsafisha, akarudisha utumbo, akamshona. Akasema asilowe hata kidogo, apewe uji mwepesi, na asiufikie mshono kwa ulimi, akiulamba ataufungua mwenyewe afe.

Asiufikie vipi? Hapo ndipo stress yangu ilipoanza.

Mnalijua kawa? Lile la kufunikia sinia ya chakula, limesukwa kwa ukindu, refu kama pia iliyopinduliwa. Nilikuwa na kawa langu la harusi. Nililisuka mwenyewe, ukindu mwekundu na mweusi, nikalitundika ukutani kila mgeni alione.

Nikatoka kisimani siku hiyo, ukuta mweupe.

Nikaenda bandani. Sihaba kanyoosha shingo, kawa langu limekatwa ncha, kichwa chake kimetokea katikati. Ananitazama kama biharusi aliyetolewa ukumbini! Na Hamadi kachuchumaa anamlisha uji kwa kifuu, kijiko kwa kijiko, anampepea nzi kwa upepeo wangu.

"Kawa langu?" nikamuuliza.

"Ntakununulia jengine, mwenzangu. Yuno angekufa."

Wakuu, niliumia. Si kawa tu. Nyuma kidogo nilikuwa nimeshikwa na homa, natetemeka mpaka kitanda kinalia. Hamadi aliniletea majani ya mwarobaini, akayaweka mlangoni, akasema "Inshaallah utapoa," akaenda shamba. Uji hakunipikia. Kumbe kupika uji alikuwa anajua!

Tena subirini, kuna baya zaidi. Kila akitoka kwa mbwa alikuwa aoshe mikono mara saba kabla hajagusa kitu. Maji hayo nani anateka kisimani? Mimi. Nabeba mtungi kichwani, nampa, anasimama na kata anahesabu, udongo, maji, maji. Nikawa namtumikia mwanamme ili atoharike na najisi ya mwenziwe.

Nikaanza kunuka wivu waziwazi. Nikimsikia anasema na mbwa kwa sauti ya chini, napiga sufuria. Akisema "leo kala vizuri," mimi nasema "alhamdulillahi, na mimi je?" Yeye anadhani naomba chakula, ananiambia kula. Wanaume!

Nilifika mahali nikimwombea mbwa kifo, halafu namwomba Mungu msamaha, halafu namwombea tena.

Mama akaja tena kukaa nasi siku chache, akaona hali yangu. Akaninong'oneza: "Mwanangu, hapa hapana mume. Kama si leo, kesho atamtia ndani. Na siku hiyo utarudi kwetu kwa heshima yako."

Neno lile lilinikaa. Nikawa nakitazama kile kizingiti kila nipitapo.

Kisha masika yakapiga. Asubuhi moja mvua ikaja na upepo, tukasikia banda linalia, makuti yakang'oka. Tukachungulia. Maji yalikuwa yanapita katikati ya banda kama mfereji.

Hamadi akatoka kwenye mvua mpaka bandani, akarudi kambeba Sihaba kifuani. Kanzu yake kamvulia mbwa, yeye kabaki na msuli kiunoni. Akaja mbio moja kwa moja mpaka mlangoni.

Akasimama.

Mimi niko ndani, hatua mbili kutoka kwake. Mama nyuma yangu. Mvua inamwingia mpaka upenuni, mshono unalowa, mbwa anatetemeka mle ndani ya kawa langu. Hamadi anatazama kizingiti.

Mama akasema polepole, "Mpishe aingie. Tujue moja."

Nitasema ukweli wangu. Na mimi nilitaka kujua vilevile. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kubaki mke. Sikujongea.

Hamadi hakuinua mguu. Aliniangalia, akasema, "Mwenzangu, nipe gunia."

Gunia tu! Hakuniomba kingine. Akageuka, akaipa mvua mgongo, akamkunjia mbwa mwili wake, maji yanamtiririka mabegani. Nikamwona machozi. Alikuwa anamlilia Sihaba naye hakuthubutu kuvuka, kwa sababu ng'ambo ya kizingiti nilikuwepo mimi.

Nililolitafuta kwa wivu wote ule nikawa nimelipata, na halikuwa na raha hata kidogo. Mbwa alikuwa anakufa kwa ajili ya heshima yangu.

Nikampita Mama mbio, nusura nimwangushe, nikatoka kwenye mvua kwa mlango wa nyuma. Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake, mlango wake mwenyewe, ng'ambo ya ua. Nikatoa vyungu, nikatoa unga, nikatupa nje kila kitu kinacholiwa. Nikapiga kelele:

"Bwana! Mlete huku!"

Akaja, akasimama tena mlangoni. "Jiko lako hili, mwenzangu. Sikuthubutu kukuomba."

Kawa alichukua bila kuuliza, jiko akaogopa! Nikamvuta mkono.

Mama akawa analia ndani: "Jikoni! Panapopikwa chakula!"

"Ntaosha mara saba, Mama," nikamwambia. "Kuteka maji nishazoea."

Alipopata nafasi Hamadi alikwenda kwa shehe kuuliza kama jiko ni nyumba. Shehe akamuuliza alisema mlango upi. Akasema, nilisema "mlango huu", nikapiga kizingiti cha nyumba. Shehe akamwambia basi ni huo, mkeo hajaachika, na siku nyingine ukikasirika teua maneno, usitundike talaka mlangoni kama kawa.

Ikawa ninapika nje upenuni kwenye mafiga matatu, mbwa ndiye mwenye nyumba. Na kwa kuwa msasi hana mbwa, Hamadi ikambidi ashinde shamba kulinda muhogo kwa kupiga debe. Uji wa Sihaba ukaniangukia mimi.

Mwanzo nilimpa huku nimegeuza uso. Kisha nikawa namsemesha, maana Mama alikuwa kashaondoka kwa hasira na sina mtu wa kuongea naye. Nilimsimulia habari za Hamadi zote. Anasikiliza vizuri mbwa, hakatizi.

Akapona. Hamadi akamkata nyuzi kwa wembe, na siku ya kwanza ya kusaka akapiga baragumu uani. Sihaba akainuka. Akamtazama Hamadi. Akanitazama mimi. Akarudi, akajilaza karibu na miguu yangu.

Hamadi akapiga tena, mashavu yakamvimba. Wapi!

Sihaba alikuja kusaka naye baadaye, lakini siku ile Hamadi alikwenda bila mbwa, akarudi kanuna. Nikamkuta kakaa upenuni ananitazama ninavyokoroga uji. Nikamtilia Sihaba kwanza.

Akakohoa kidogo. Akasema, "Mwenzangu, na mimi naona kama nina homa."

Nikamgusa paji la uso. Baridi kama mtungi.

Nilimpikia uji, wakuu. Nikamlisha kijiko kwa kijiko, na yeye akala kimya kama mtoto. Na tangu siku hiyo nikiumwa hata kichwa, Hamadi alikuwa jikoni kabla sijalala chini.

Kwa hiyo wewe kijana wa mbwa wa sebuleni, usimfukuze mbwa wako, na usimwambie mkeo "ni mbwa tu." Yeye anajua ni mbwa, na ndiyo maana inamuuma. Leo ukipika uji, pika bakuli mbili.

Na nyie mliomcheka yule dada, semeni hapa bila haya: nani hajawahi kumwonea wivu kiumbe asiyejua hata kusema? Nasoma comment zote. Nikichelewa kujibu, mjue natafuta miwani.