Stima kwa Jina Lake

Niliingia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Musoma. Mume wangu alikuwa ametangulia, akapata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo Industrial Area, na baadaye nyumba huko Mbotela, chumba kimoja na jiko. Katika barua zake alisema nyumba ina umeme na maji. Nilipofika nilikuta waya unaning'inia darini bila balbu, na bomba la uani halitoi hata tone. Umeme ulikuwa umekatwa tangu wakati wa mpangaji aliyetutangulia. Maji yalikuja yalipotaka, mara nyingi alfajiri, yakiwa na rangi ya chai.

"Nilidhani ningekuwa nimeshatengeneza kabla hujafika," mume wangu alisema.

Alikuwa amekonda. Nilijiambia ni chakula cha mwanamume anayejipikia, na kusimama kutwa nzima kwenye mashine. Alitoka kabla hakujapambazuka, akaenda kiwandani kwa miguu, akarudi giza limeshaingia. Tulikula kwa koroboi iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga. Jumapili alilala tu, pazia limefungwa, akisema jua linamuumiza macho.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta umeme ikawa yangu. Nilikwenda ofisi ya umeme mjini, nikapanga foleni, nikamweleza karani shida yangu kwa adabu niliyofundishwa nyumbani: samahani ndugu, naomba unisaidie. Karani akacheka, si kwa ubaya, akawaita wenzake waje wanisikie ninavyozungumza. Kisha akasema nilete barua ya mwenye nyumba, maana sisi tulikuwa wageni.

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa masanduku ya bati huko Shauri Moyo. Kila nilipokwenda alikuwa na sababu: leo ana wateja, kesho ana msiba. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kiluhya ambaye mumewe alifanya kazi reli, aliniona nikirudi nimeinamisha kichwa.

"Hiyo Kiswahili yako ya kubembeleza haitakuletea stima," aliniambia. "Kesho tunaenda wawili."

Ndivyo nilivyojua kwamba umeme huku ni stima. Kesho yake alivaa viatu vya kanisani. Tulipofika alisalimu, akaketi juu ya sanduku jipya ambalo mteja mmoja alikuwa akilikagua, akaweka mkoba mapajani.

"Baba, huyu ni mtoto wetu," alimwambia fundi. "Amevuka mpaka kufuata bwana yake. Unataka apike gizani mpaka lini?"

"Mama, si nimesema nitaandika."

"Andika. Mimi sina haraka. Nimekunywa chai."

Mteja akajisogeza pembeni. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaacha kugonga bati, wakatugeukia. Yule bwana akatafuta karatasi, akaandika akiwa amesimama, bila kututazama. Njiani nilianza kumshukuru jirani yangu, akanikatiza, akaniambia niipeleke barua siku hiyo hiyo kabla yule mtu hajabadili mawazo.

Bado ilikuwa kwenda na kurudi, lakini mwishowe mafundi wa umeme walikuja. Waliweka mita kwa jina la mume wangu, wakarekebisha waya, wakaenda zao. Nikanunua balbu kali kuliko zote zilizokuwa dukani. Nilitaka awashe mwenyewe. Alipoingia nilimwonyesha swichi, akaibonyeza huku akitabasamu.

Ndipo nilipomwona. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua shati. Pembe za mdomo zilikuwa na vidonda vyeupe, na vipele vyeusi vilianzia chini ya sikio vikashuka shingoni hadi ndani ya kola. Musoma nilikuwa nimemuuguza shangazi yangu aliyekufa hivyo hivyo. Yeye naye aliona kwamba nimeona.

"Zima," alisema.

Sikuzima. Nilimwambia aketi ale. Alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Umejua tangu lini?" nilimuuliza.

"Kabla hujaja."

"Mbona ukaniita?"

"Niliogopa kufia kwa watu," akasema.

Nilikuwa na hasira nyingi, na nilimwonea huruma, na sikujua nianze na lipi. Nikaondoa vyombo.

Haukupita muda akashindwa kwenda kazini. Nilijifunza jinsi ilivyo kumtunza mtu anayeharisha katika nyumba yenye bomba kavu. Nilinunua maji kwa wachuuzi wa mikokoteni, nikafua mashuka, nikatumia maji ya kufulia kumwaga chooni. Nilipoanika, baadhi ya wanawake wa pale walikuja kuondoa nguo zao kwenye kamba. Jirani yangu hakuondoa zake. Kila asubuhi aliacha mtungi wa maji mlangoni pangu, na yeyote aliyemuuliza alimjibu kwa sauti ya kusikika uani kote, "Ni malaria. Malaria mbaya." Mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza.

Mume wangu alifariki mchana, nikiwa nimekwenda kutafuta mkaa. Jirani yangu ndiye aliyekuwa naye. Ndugu zake walikuja, tukamvusha mpaka, tukamzika kwao. Mimi nilipimwa miaka mingi baadaye, wakati dawa zilipoanza kupatikana, na ninazimeza hadi leo.

Baada ya mazishi nilirudi Nairobi kufunga nyumba. Nilikwenda ofisi ile ile ya umeme kuomba wakate stima, safari hii nikahudumiwa na dada mmoja mwenye haraka.

"Mwenye jina aje mwenyewe," alisema.

"Amefariki."

"Pole. Basi lete cheti cha kifo."

"Amezikwa Tanzania, dada. Cheti hakijatoka."

Alinitazama, akatazama foleni nyuma yangu. "Mama, bila cheti ama mwenyewe hatuwezi kufunga."

Nikampisha aliyefuata. Huko Mbotela, jirani yangu alinisaidia kukunja godoro na kulifunga kamba. Aliniuliza kama wamekubali kukata stima. Nikamwambia wanamtaka mwenyewe. Aliketi juu ya godoro, akajifuta uso kwa leso. Kisha tukabeba mzigo, yeye upande wake na mimi wangu, hadi kituo cha basi la kwenda mpakani.