Lango Alilolijenga Kaka Yangu

Kaka yangu alikufa amesimama. Hakuwa na pa kuangukia. Kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu, kidevu chake begani mwangu, na nilimsikia akisema, "Ng'oa ule mti, ng'oa," kisha nisimsikie tena. Nikadhani amechoka kusema. Ndani ya uwanja watu wakalipuka kwa kelele za goli. Nyuma yetu waliosikia kelele zile wakasukuma, mbavu zangu mbili zikalia kama kuni kavu, na kaka yangu, maiti tayari, akanilalia kana kwamba naye anataka kuingia akalione hilo goli.

Lilikuwa goli letu. Nimeambiwa lilikuwa zuri sana.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, basi nitaandika kama ninavyosema. Majina siandiki. Watu wa mtaani kwetu Chumbageni wanawajua wahusika, na wao wenyewe wanajijua. Katibu wa klabu yetu ya mpira ndiye aliyeamuru. Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake, akaona, akanyamaza. Wote wawili wako hai, wanasalimiwa shikamoo barabarani, na wanaitikia.

Sisi asili yetu Tongoni. Marehemu baba alikuwa mtegaji wa wando, ule uzio wa vijiti unaosimikwa majini kutegea samaki. Mdomo wake mpana, samaki anaingia kwa raha zake, kisha njia inabana, inabana, mpaka anafika kooni. Mbele tundu dogo, nyuma hageuki. Kaka aliijua kazi ile kabla hajaota ndevu. Tulipokuja mjini kufanya ukuli bandarini, mikono yake ilikuja nayo.

Klabu miaka ile ilikuwa yetu makuli, na watu wa mashamba ya mkonge wa Pongwe waliokuja kwa miguu Jumapili wakitoka misani, na wenyeji wa mjini, wenye kofia na wasio na kofia. Uwanja ulikuwa wazi. Kikapu kilizungushwa, mtu akatia alichonacho. Nimeona mtu akitia nazi. Kikapu kikipita mara ya pili wenzake wakamwambia, "Haya, tia na mbuzi ya kukunia!"

Baadaye ikasemwa klabu haiwezi kualika timu kubwa bila ua. Sawa. Tukaitana msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja. Kina mama wa Chumbageni wakasuka makuti ya kumba, watu wa Pongwe wakaleta kamba za katani, sisi tukaleta boriti za mikoko kutoka kwetu. Hakulipwa mtu hata kikombe cha kahawa. Nilizichagua boriti zile kwa mkono wangu, moja moja, zilizonyooka, zisizoliwa na mchwa. Ningejua ningechagua mbovu.

Lango alilijenga kaka, na alilijenga kama anavyojua: mdomo mpana huku nje, kisha njia inabana mpaka mlango wa mtu mmoja mmoja, ili asipite mjanja bila kulipa. Mwenzetu mmoja wa bandarini, Mbondei, mtani wake, akasimama kulitazama.

"Ala! We mtu wa Tongoni, sasa umeacha kutega changu baharini unatega Wabondei?"

"Nawategea wanaopenda vya bure," kaka akamjibu. "Wakitokea kuwa Wabondei wote, lawama si yangu."

Tukacheka. Lakini kaka hakuwa mjinga. Pembeni mwa ile njia, karibu na mlango, aliweka mti mmoja asiuchimbie. Aliusimamisha tu, akaushika kwa kamba nyepesi. Akaniita, "Mdogo wangu, uone huu. Wando lazima uwe na mti wa kulegeza. Maji yakija na mzigo, unaung'oa, mzigo unapita. Usipofanya hivyo unavunjikiwa." Nikautikisa kwa mkono mmoja, ukaja.

Miaka miwili mitatu tukaingia kwa senti ishirini. Timu ikashinda, ikasikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo akachaguliwa katibu mpya, karani, soksi ndefu mpaka magotini, kalamu ya wino mfukoni. Gazeti likatoa picha ya timu yetu. Wachezaji wamesimama mbele, na nyuma yao tumejaa sisi, miguu mitupu, kaka katikati amejifunga gunia la bandarini kiunoni, mdomo wazi. Kaka aliikata picha ile akaibandika ukutani. Katibu alikuja nayo mkutanoni kama mtu aliyeokota panya.

"Hii ndiyo sura ya klabu?" akauliza. "Timu ya Mombasa inakuja. Bwana mkubwa wa wilaya anakuja. Nataka wakitazama upande wa pili waone watu."

"Kwani sasa wanaona nini, bwana katibu?" kaka akauliza. "Dagaa?"

Watu wakaangua kicheko. Katibu akangoja kiishe.

"Dagaa hawalipi shilingi," akasema. "Siku hiyo kiingilio shilingi moja. Na asiye na viatu asije."

Shilingi moja ilikuwa ujira wa kutwa nzima wa mtu wa mkonge. Mwenyekiti, mtu mzima, Hija amekwenda, tukamgeukia. Akasema kamati imekwisha kukaa. Basi.

Siku chache kabla ya mchezo tukapita uwanjani, tukaona ule mti wa kulegeza umefungwa seng'enge, mizunguko tele, umekazwa kwa koleo. Kweli, vijana walikuwa wameshaujua, wakipenya hapo. Kaka akaenda kwa katibu, nami nipo. Akavua kofia.

"Bwana katibu, mti ule si wa wezi. Watu wakizidi, wanatokea hapo. Ufungue, umweke askari asimame."

Katibu hakunyanyua uso. "Wewe ni fundi wa samaki, bwana. Huu ni mpira."

Kaka akavaa kofia yake tukaondoka. Njiani akasema, "Sitakwenda." Lakini nilimjua. Asubuhi ya siku yenyewe alikwenda dukani walikouza tikiti, akatoa shilingi aliyoiweka ya unga, akanunua. Mimi nikanunua yangu. Viatu tuliazima. Vyake vilikuwa vidogo, alitembea kama kuku mwenye kamba mguuni, na shemeji, mkewe, akamcheka mpaka akakaa kitako mlangoni. "Bwana harusi huyo! Mombasa watakuoza binti!"

Tulifika baada ya swala ya adhuhuri, watu ni wengi. Wenye tikiti, wasio na tikiti, wenye viatu, wenye viatu mkononi. Tukaingia mdomoni tukasogea mpaka karibu na mlango, na mlango ukafungwa. Mlinzi akasema kwa tundu, "Amri ya katibu. Ngojeni mpaka wageni wakae, picha ipigwe."

Picha. Nikachungulia ndani kwenye nyufa za makuti. Nyuma ya magoli yote mawili palikuwa peupe, pangetosha watu wa kijiji kizima. Jukwaani walikaa wenye suti na kofia nyekundu, mpiga picha ameinama chini ya kitambaa chake. Picha ikapigwa. Mlango haukufunguliwa. Firimbi ikalia, mpira ukaanza, na mlinzi akaambiwa bado, wacha hao wa miguu mitupu wachoke warudi makwao. Tulimsikia katibu mwenyewe akimwambia. Sauti yake naijua mpaka leo.

Hakuna aliyechoka. Kila aliyekuja nyuma aliona mdomo mpana akaingia kwa raha zake. Mbele tundu limefungwa, nyuma huwezi kugeuka. Kaka ndiye wa kwanza kuelewa. Nilimsikia akicheka kidogo, cheko la pumzi, akasema, "Mdogo wangu, tumo kooni." Akanyoosha mkono kwenye ule mti. Seng'enge ikamchana kiganja. Nami nikavuta, mti haukutikisika. Boriti nyingine nazo zilikataa, maana tuliziweka vizuri. Kisha likaja goli.

Walifungua wakati wa mapumziko, wachezaji walipokwenda kunywa maji. Wakatutandaza kwenye nyasi. Kiatu kimoja cha kaka hakikuonekana. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa, mimi mwenyewe niliufumbua, na ndani ilikuwamo tikiti. Kipindi cha pili kikachezwa chote.

Gazeti likaandika walevi wa makambini waliokuwa hawana tikiti walitaka kuvunja ua. Maneno hayo yalitoka kwa katibu, na yeye hakuyakana. Kaka yangu hakuwahi kuonja tembo la mnazi. Lakini mama yetu alizikwa akiwa mama wa mlevi, na shemeji alipokwenda kisimani wenziwe walinyamaza.

Siku ya tatu ya matanga katibu alikuja na mfuko wa mchele. Akatoa pole, kisha akatoa tikiti mbili za jukwaani, bure, mchezo ujao. Shemeji alizitazama mkekani, akamtazama na yeye.

"Na viatu umeniletea?"

Katibu akaondoka. Barazani nikamfuata, nimeshika ubavu, nikamuuliza nani aliyeufunga ule mti. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Lango mlilijenga wenyewe."

Neno hilo nimelala nalo miaka yote hii. Kweli tulilijenga. Kaka alilijenga na mimi nilizichagua boriti, na Mungu akiniuliza nitajibu fungu langu. Lakini sisi tuliacha mti wa kulegeza. Anayetega wando akaufunga mti ule hajasahau, anataka samaki.

Sasa nasikia klabu inatengeneza ubao wa waasisi, utundikwe ukumbini, na jina la katibu liko juu. La kaka halimo. Nilipouliza niliambiwa wanatazama hadhi ya klabu.

Basi mimi nauliza hadharani. Tikiti ya kaka yangu ninayo, shemeji aliniachia kabla hajafa. Haijachanwa, damu ya kiganja imekauka juu yake. Mlevi asiye na tikiti ni yupi? Katibu, kabla hujautundika ubao huo, njoo Chumbageni, simama mbele ya watu, na mwenyekiti wako pembeni, useme seng'enge ile iliwekwa kwa amri ya nani, na mlango ulifungwa kwa ajili ya picha ya nani. Ukikataa kuja, nitakuja mimi ukumbini siku ya ubao, miguu mitupu, na tikiti hii mkononi. Imelipiwa. Nifungulieni.