Mashine Iliyolia Kwenye Maharagwe

Mimi ni mutu wa kupenda kujua, na ugonjwa huo umenitia matatani zaidi ya mara moja.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya Butembo. Mwenzangu niliyesoma naye, ambaye siku hizi anafanya kazi Ulaya katika maabara iliyochimbwa chini ya mlima, alinitumia mashine ndogo, ikafika kwa ndege kwenye uwanja wa Mavivi. Ndani yake mna vibao viwili vya plastiki, kimoja juu ya kingine. Kitu kikipita katika vyote viwili kwa mara moja, inalia: ti. Vitu hivyo vinaitwa muoni. Vinazaliwa juu angani, vinashuka, vinapita katika paa, kichwa na kiti bila kuomba njia. Mionzi ya udongo huishia kwenye kibao kimoja, ndiyo maana mashine haiijali.

Basi nikaanza wazimu wangu. Sokoni Kimemi, ikalia. Chini ya meza ya jikoni, ikalia vile vile. Nilipoteremka nayo Beni, ambako ni chini kuliko kwetu, ilipunguza mwendo kidogo, nikacheka peke yangu ndani ya teksi: hewa iliyoongezeka juu ya kichwa changu ilikuwa inazuia baadhi ya muoni.

Kilichobaki ni kujua inafanya nini chini ya mwamba. Kando ya shamba la mama, nje ya mji, kuna mlima ambao vijana wameutoboa wakitafuta dhahabu. Shimo lao linaingia ubavuni na kwenda mbali. Ijumaa, baada ya masomo, nikapanda pikipiki kwenda kwa mama. Niliweka mashine juu ya jiwe katikati ya maharagwe, isikilize anga kwanza, halafu kesho niombe ruhusa ya shimoni. Ti, ti, ti. Jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akasimama, akasikiliza, akaenda zake bila kusalimia. Hilo lingepaswa kunishtua. Mais mimi nilikuwa natazama namba zangu.

Asubuhi wachimbaji walikuwa wamejipanga kwenye mpaka wa shamba na machepe yao. Ng'ambo ya mto yapo mashamba yaliyosemwa siku moja tu kwamba yana dhahabu: leo ni mashimo yenye maji ya kijani, na wenyewe wananunua maharagwe. Mama alisimama katikati ya mistari yake na jembe. Nilikasirika sana.

Mkubwa wa shimo, ambaye wenzake humwita PDG, aliongea kwa heshima. Alisema hawana ugomvi na mama, ni mashine ya madame, yaani mimi, tu ndiyo imesema hapa kuna dhahabu. Nikaeleza anga, nikaeleza muoni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini ninaficha. Ndipo nikamwuliza, shimo lako lina dhahabu ao halina? Akacheka, akasema hiyo bote banajua. Basi tuiingize huko, nikasema. Kama inasikia dhahabu, italia kuliko hapa.

Akakubali mashine. Mimi, hapana. Mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia, ndivyo wanavyoshika, na asubuhi ile haikuwa ya kubishana. Nikamkabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, nikamwonyesha namna ya kuiweka chini na kungoja. Akawasha taa ya kichwani, akazama. Nilimwonea wivu sana. Jambo nililolitaka tangu siku ya kwanza lilikuwa linatokea ndani ya giza lile, na mimi nimesimama nje.

Alikawia. Alipotoka, mashine ikaanza kulia tena mkononi mwake, hatua chache tu nje ya mdomo wa shimo. Watu wote wakaisikia.

"Ndani inanyamaza," akawaambia wenzake. "Fasi nilitosha dhahabu na mikono yangu, njo fasi inanyamaza." Yaani pale pale alipoitoa dhahabu, ndipo mashine iliponyamaza.

Sauti ikanitoka mbele ya akili: hata mara moja haikulia? Akafikiri. Mara moja, akasema, na ilimshtua. Ee Mungu wangu, furaha niliyoisikia. Muoni mmoja ulikuwa umepenya mlima mzima. Nikaanza kumweleza pale pale habari za yule mwenzangu: wanajificha chini ya mlima wakingoja neutrino, kitu chenye haya kisichogusa karibu chochote, na bado muoni mmoja mmoja unawafikia na kuwadanganya. Kwa hiyo wanapanga vibao kama hivi juu na pembeni, na vibao vikiona kitu kimepita, kilichoonekana ndani saa ile wanakitupa. PDG akauliza kama neutrino nazo zinapita ndani ya dhahabu. Nilikuwa najibu kwa mikono na macho.

"Mwana wangu," mama akaita. Alikuwa hajatoka kwenye maharagwe. "Donc shamba yangu haina kitu?"

"Haina kitu, Mama."

"Rudilia na nguvu. Bote basikie."

Nikayageukia machepe yale, nikapaza sauti kuliko ninavyopaza darasani, nikasema shamba la mama yangu halina kitu, halina kitu kabisa. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaanza kupalilia.