Jibu Lililosomwa kwa Sauti

Kwenye maabara zetu majibu hutolewa kwa kunong'ona. Juzi, katika maabara moja hapa Mwanga, nilikaa benchi moja na mama mmoja na wifi yake, waliokuja kwa boti kutoka kijiji cha Mwamgongo. Mama alitaka chanjo ya homa ya ini, akaambiwa apimwe damu kwanza.

Mtaalamu akamwita dirishani. "Mama, virusi havipo. Ila una kingamwili. Maana yake uliwahi kuambukizwa homa ya ini B, mwili ukapigana nayo, ukashinda. Chanjo huihitaji."

"Mwaka ule nilipougua, macho yakawa ya njano?"

"Inawezekana kabisa ndiyo yenyewe."

Mama akamvuta wifi yake mkono hadi dirishani. "Mwanangu, rudia kwa sauti. Huyu ndiye ambaye kijiji kizima kilisema kaniloga."

Mtaalamu akatutazama sisi wa benchi, akakohoa, akarudia kama anasoma taarifa ya habari. Tukapiga makofi. Wifi akajifunga kitenge chake upya, taratibu, kidevu juu.

Mimi majibu yangu, hata yakiwa mazuri, huyakunja nikayatia mfukoni kama nimeyaiba. Nikawatazama hawa wakitoka kama wanatoka harusini.

"Twende haraka," mama akasema, "tupande kabla boti haijajaa."

"Acha ijae," akajibu wifi. "Ikijaa ndiyo useme tena. Mimi nitakaa mbele."