Hela za Shaba kutoka Tabora

Waziri alizaliwa Gitega. Baba yake, Mmanyema aliyefika na misafara ya chumvi akaamua kubaki, alimfundisha kufua majembe na bawaba. Waziri alikuwa hajamaliza mwaka na mkewe Kadidja pale Wadachi, yaani Wajerumani, walipoanza kurudi nyuma mbele ya Wabelgiji, mwaka 1916. Wadachi walimkamata njiani, wakamtwika sanduku la risasi mpaka Tabora.

Huko Wadachi walikuwa wameishiwa sarafu. Meli hazikuja tena, na askari walidai mishahara. Basi katika karakana ya reli wakawa wanatengeneza pesa zao, wakiyeyusha maganda ya risasi za mizinga na vyuma chakavu vya shaba. Mikono ya Waziri ilijua moto, kwa hiyo wakamweka kwenye mivukuto. Zikatoka sarafu za hela ishirini, za njano, kila moja na kasoro yake. Zilipigwa pia sarafu za dhahabu, lakini hizo zilikaa chini ya ulinzi wa bunduki, naye hakuigusa hata moja.

Haikupita miezi mingi Wabelgiji wakauteka mji. Karakana ikanyamaza, na sokoni watu wakaanza kuzikataa hela zile. Wengine walizitupa. Waziri alizikusanya kwenye mfuko wa ngozi, maana alikuwa mfua vyuma na shaba ilikuwa kazi yake.

Vita vilipokwisha, alishika njia ya kurudi pamoja na Longino, mpagazi mwenzake, Mkristo kutoka Makebuko. Waligawana chungu, mkeka na kila kiazi. Homa ilipomwangusha Waziri porini, Longino alimbeba mgongoni mpaka wakapata maji.

Walipofika Muyinga walilala kwa Amissi, muuza nguo. Asubuhi, Waziri alipokuwa akifunga mzigo, kamba ya mfuko ilikatika na hela moja ikadondoka. Amissi aliiokota, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akairudisha. Waziri akaenda kisimani kunawa. Aliporudi aliwakuta Amissi na Longino wamesogeleana wakinong'ona. Walipomwona, wakanyamaza.

Njiani Longino hakutembea tena mbele kama kawaida yake. Alikaa nyuma. Waziri alisikia hatua zake, akasikia pia anapobadilisha panga kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Akimsemesha, anajibiwa kwa mguno. Alitamani kukimbia, lakini miguu yake ilikuwa bado dhaifu, na Longino alilijua hilo.

Walifika mto Ruvubu jua likiwa kali. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo, mwenyewe haonekani. Waziri akawasha moto wa kuchoma viazi, ili mikono yake iwe na la kufanya.

"Weka mfuko chini," Longino alisema.

"Longino, ni shaba."

"Mi nilikuwa Tabora pia. Najua walichopika mule. Amissi ameona. Iko dhahabu."

"Ingekuwa dhahabu, ningekula viazi na wewe?"

"Weka chini."

Waziri akauweka. Hakuuachilia. "Chagua mwenyewe yoyote," alisema. "Itie motoni. Dhahabu haiungui ikawa nyeusi."

Longino aliingiza mkono mpaka chini kabisa ya mfuko, akatoa hela, akaisukumia kwenye makaa kwa ncha ya panga. Wakakaa wakiitazama. Longino alipoitoa, ilikuwa nyeusi kama chungu. Akaikwangua, akainusa. Akatia nyingine. Ikatoka vile vile.

Hakuomba radhi. Alikaa na panga magotini, amegeuzia mto uso. Mtumbwi ulipokuja, Waziri alipanda.

"Njoo," alimwambia.

"Tangulia," Longino alijibu.

Gitega, Kadidja alikuwa akipepeta mtama uani. Alimtazama mgeni aliyekonda, kisha akaweka ungo chini polepole, kana kwamba anaogopa kumfukuza. Hakuwa ameolewa tena, ingawa ndugu zake walimsumbua sana.

Waziri alipokwisha kula, Kadidja akamuuliza, "Umetembea peke yako njia yote hiyo?"

"Nilikuwa na Longino. Alinibeba nilipougua."

"Mbona hukumleta nimpikie?"

"Tuliachana mtoni," Waziri alisema.

Waziri alijenga kalibu ya kuyeyushia shaba nyuma ya nyumba, akaziyeyusha hela kidogo kidogo kuwa bangili. Wanawake wa mtaa wa Musinzira walizipenda, na baada ya miaka michache haikubaki hela hata moja. Bangili ya kwanza hakuiuza. Alimpa mchuuzi wa chumvi aipeleke Makebuko, kwa mke wa Longino. Mchuuzi aliporudi alisema mwanamke ameipokea na kuivaa pale pale. Longino alikuwa shambani. Aliitwa, lakini hakuja.